Glenfiddich 12: niliionea bure

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba Glenfiddich ya miaka 12 ni maji ya bei ghali. Nimekosea, na leo naiomba radhi wiski yenyewe. Aliyenimiminia simwombi.

Ilikuwa baa moja upande wa Nyali, Mombasa, jioni ya lile joto letu la kabla ya mvua, shati limenigandia mgongoni. Nilikuwa nimelipwa kazi iliyonitoa jasho, nikasema leo siagizi bia, leo naonja hiyo singo molti inayosifiwa, yaani wiski ya shayiri tupu ya kiwanda kimoja. Nikaagiza toti mbili, kavu. Kijana akaenda nyuma ya kaunta, akakawia, akarudi na glasi iliyojaa barafu hadi juu, kinywaji kimeshamiminwa. Rangi imepauka kama maji ya kusuuzia kikombe cha chai. Nikamwambia kwa upole, "Kaka, naomba nione chupa." Akageukia meza ya jirani kwanza, ndipo akanijibu kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mzee, hapa hatuuzi mnazi. Kama bei imekushinda, sema tu."

Nina miaka hamsini na zaidi. Nililipa, nikaonja, nikaiacha nusu, nikaondoka.

Lililonichoma hasa ni hilo neno mnazi. Marehemu mjomba wangu alikuwa mgema kule Kaloleni. Mteja akifika, mjomba alileta mboko, kile kibuyu cha mnazi, mbele ya macho yake, akamimina, akatangulia kuonja yeye mwenyewe, ndipo akampa mwenzake. Mnazi ukiwa umechacha alikwambia umechacha, hata kama ndio uliobaki siku hiyo. Hakuna aliyewahi kumwomba mjomba aonyeshwe kitu, kwa sababu hakuwahi kuficha. Sasa mtu anayemimina gizani anautaja mnazi kama tusi!

Basi, majuzi shemeji yangu katua kutoka safari na chupa ile ya Glenfiddich, ya kijani, ya pande tatu. Nilitaka kumwambia airudishe mkobani. Tukakaa barazani kwangu Tudor, hakuna barafu, glasi mbili za kawaida. Akafungua mbele yangu. Harufu ya kwanza ni peasi, tena lile lililoiva kabisa, ukilibonyeza kidole kinaacha alama. Halafu asali, halafu ubao, kama mashua mpya kabla haijapakwa mafuta ya sifa. Huo ubao ni wa mapipa ya mwaloni, mengine yalikaa bourbon, wiski ya Marekani, na mengine sheri, divai ya Uhispania. Nilitia kijiko kimoja tu cha maji na lile peasi likazidi kujitokeza. Nilinyamaza kwa muda. Shemeji akaniuliza kama naumwa.

Hapo ndipo hasira ilipopanda upya. Shayiri inaoteshwa, inakaushwa, inachachushwa, inakenekwa kwenye mitungi ya shaba kule Dufftown, Uskoti, katika kiwanda ambacho ukoo wa William Grant bado unakimiliki tangu kilipotoa pombe yake ya kwanza Krismasi ya 1887. Kisha watu wanakaa kuisubiri miaka 12. Mtu mmoja nyuma ya kaunta anaiua kwa sekunde kumi.

Sina ushahidi kwamba alichanganya. Labda ni ile barafu iliyoyeyuka kwa joto, na mimi niliudhika kabla sijaonja. La, hapana. Barafu haiifanyi wiski inuke spiriti ya kusafishia kidonda. Najua nilichonusa. Chupa halali hapa Kenya ina stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, unaikagua kwa simu ukitumia programu ya Soma Label. Lakini utakagua nini ikiwa chupa imefichwa? Na hata ukionyeshwa, stempu inakuhakikishia chupa, haikuambii kilichojazwa ndani baada ya kufunguliwa. Kwa hiyo nawasihi: ifunguliwe mbele yenu, au nunueni nzima mkanywe nyumbani.

Kuhusu wiski yenyewe, sisemi itakutoa machozi. Ni nyepesi, ukimeza ladha haikai sana, na ladha ya moshi iliyomo kwenye wiski nyingine sikuisikia. Mpenzi wa moshi atafute zile za kisiwa cha Islay, huko huko Uskoti. Ila kwa anayeanza sijui ningempa ipi nyingine, na ule wepesi nilioutaja kama kasoro, kwa joto letu hili naona ndio uzuri wake.

Imebaki robo chupa. Shemeji anataka tuibebe hadi ile baa, yule kijana aionje, aseme mwenyewe kama ndiyo aliyonipa. Nimemkatalia mara mbili. Akiniambia tena Jumamosi, nadhani nitavaa viatu.