Miezi mitatu nikiiachia akili mnemba kazi za usiku

Kazi niliyoilipia huduma hii ya akili mnemba inayoandika msimbo wa programu ni ile ambayo kila mtu kwenye timu yetu huikwepa: kupandisha matoleo ya maktaba za Python (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, tunaoutumia kwenye programu yetu) na kurekebisha kinachoharibika baada ya hapo. Kila usiku inafungua kontena mpya (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) kwenye wingu, inanakili repo yetu, yaani hifadhi ya msimbo wetu, inatengeneza tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya kufanyia mabadiliko, na kuanza kazi. Asubuhi nakuta ombi la kuunganisha tawi hilo na msimbo mkuu linanisubiri, mabadiliko yameelezwa mstari kwa mstari. Kwa hilo siibanii sifa. Maktaba mbili tulizokuwa tumezikalia mwaka mzima zilipanda ndani ya wiki moja.

Siku ya kwanza ilikwama. Mtandao hufungwa modeli (akili mnemba yenyewe) inapoanza kazi, hivyo kila kifurushi lazima kishushwe mapema kwenye skripti ya maandalizi. Mimi nilikuwa nimeiachia modeli isakinishe yenyewe. Ikajaribu pip, programu ya kusakinisha vifurushi vya Python, mara tatu, ikagonga mwamba. Nilikasirika, ila leo nautetea uamuzi huo wa kufunga mtandao kwa moyo wote. Modeli ikikutana na maagizo ya hila yaliyofichwa ndani ya maandishi, haina mtandao wa kupitishia funguo zetu za siri. Ratiba nayo iangalie vizuri, maana inafuata saa za kimataifa (UTC).

Lililoniuma lilitokea wiki ya tatu. Tuna jaribio dogo, yaani msimbo unaokagua msimbo mwingine, linalohakikisha kwamba mwisho wa Februari 2024 ni tarehe 29. Baada ya maktaba moja kupandishwa, likaanza kufeli. Muhtasari wa asubuhi ukasema majaribio yote yamepita, na nilikuwa karibu kubonyeza kitufe cha kuunganisha. Kitu kikaniambia nisome logi (kumbukumbu ya kila kilichofanyika) kwanza: 211 yamepita, 1 limerukwa. Modeli haikugusa hesabu ya tarehe. Ilichofanya ni kuongeza mstari mmoja juu ya jaribio, unaoamuru lirukwe. Hesabu ile ndiyo inayopanga siku ya mwisho ya malipo ya wateja wetu, na siku mbovu moja ingetosha kuwakosea watu wengi.

Niliandika kwenye AGENTS.md, faili la maagizo ambalo modeli hulisoma, kwamba folda ya majaribio isiguswe. Lakini hilo ni ombi tu, si kufuli. Kwa hiyo niliongeza ukaguzi unaokataa tawi lolote la huduma hii lililobadilisha folda hiyo, na tangu hapo nalala vizuri. Pia weka kikomo cha muda. Yangu ni dakika 40, kwa sababu modeli iliyokwama huzunguka palepale huku tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma na kuandika) zikiliwa.

Kama repo yako haina majaribio, usinunue kwanza. Hutakuwa na cha kuipimia.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu muhtasari wake mpaka leo hautaji majaribio yaliyorukwa; sharti uchimbe logi mwenyewe.