Kituo cha Kourou: Huduma ya Kurusha Roketi kwa Mwenye Mzigo Usio na Mfano

Alasiri ya Krismasi ya mwaka 2021, saa tisa na dakika ishirini kwa saa za Afrika Mashariki, roketi ya Ariane 5 iliondoka katika kituo cha Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba darubini ya anga za juu ya James Webb. Nilikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wameacha sahani mezani na kukodolea macho matangazo ya moja kwa moja, nikimsikiliza mtangazaji akihesabu kwa Kifaransa hadi kufikia ile namba ya mwisho, ambayo watu wa Kourou hawaiiti "un" kama wasemavyo Wafaransa wengine bali "unité". Mzigo ule ulikuwa umegharimu takriban dola bilioni 10, na haukuwa na wa akiba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia huduma ya Kourou kama mtu anavyomchunguza fundi kabla ya kumkabidhi kazi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Jambo la kwanza linalomtatiza mgeni ni kumjua mwenye duka. Ardhi ya kituo iko chini ya Ufaransa, kwa maana Guyana ni mkoa wa Ufaransa uliopo Amerika ya Kusini, na shughuli za hapo husimamiwa na CNES, ambalo ni shirika la anga la nchi hiyo. Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, lililoanzishwa mwaka 1975 na ambalo sasa lina nchi wanachama 23, huchangia gharama za kituo na ndilo lililogharimia ujenzi wa majukwaa ya roketi zake. Mteja mwenyewe, awe kampuni ya simu au wizara ya ulinzi, hutia saini mkataba na kampuni ya Arianespace, iliyoundwa mwaka 1980. Mpangilio huu una historia yake. Ufaransa ilikuwa ikirushia roketi zake Hammaguir, katika jangwa la Algeria, na Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962 ilikubaliwa kwamba Wafaransa waondoke huko ifikapo mwaka 1967. Kourou ilichaguliwa mwaka 1964, na roketi ya kwanza, ndogo ya utafiti iitwayo Véronique, ikaruka Aprili 1968. Kwa hiyo uhuru wa nchi moja ya Afrika ndio uliomsukuma mpangaji kutafuta uwanja mwingine, na kwa bahati yake akapata ulio bora kuliko wa kwanza.

Ubora huo ndio bidhaa kuu ya Kourou, nao hautokani na ufundi wa mtu yeyote. Kituo kipo nyuzi 5 na ushee tu kaskazini mwa Ikweta. Dunia inapojizungusha, kitu kilichopo kwenye Ikweta hubebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na kadiri unavyosogea kuelekea kwenye ncha ndivyo kasi hiyo inavyopungua. Florida, wanakorushia Wamarekani, inabaki takriban 1,470, na Baikonur, kituo cha Warusi kule Kazakhstan, haifiki hata 1,200. Roketi ya Kourou basi huondoka kama jahazi linalotoka bandarini na maji ya kupwa. Hata hivyo faida kubwa zaidi si hiyo kasi ya bure. Setilaiti nyingi za televisheni na simu hukaa juu ya Ikweta, kwenye kimo cha karibu kilomita 35,786, na ile inayorushwa kutoka mbali na Ikweta hulazimika kutumia fueli yake yenyewe kujipinda mpaka ifike kwenye mstari huo. Fueli inayookolewa hapa hugeuka kuwa miaka ya ziada ya kazi. Ongeza juu ya hayo kwamba mashariki na kaskazini mwa kituo ni Bahari ya Atlantiki tupu, hata roketi ikiharibika vipande havimwangukii mtu, na kwamba tufani za Karibiani hazifiki huko.

Wasomaji wa pwani ya Kenya hawana haja ya kuelezwa sana hoja hii, kwa kuwa wana ushahidi wake mbele ya macho yao. Majukwaa ya San Marco na Santa Rita, yaliyosimamishwa na Waitaliano baharini kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, yapo takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na kati ya mwaka 1967 na 1988 yalirusha setilaiti 9 kwa roketi za Kimarekani za Scout. Mojawapo iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Hesabu za Ikweta ni zilezile. Kilichotofautiana ni mfuko na uvumilivu wa wenye mradi.

Nirudi kwenye Krismasi ile, maana ndipo ubora wa huduma ulipopimwa. Darubini ya Webb ina kioo chenye upana wa mita 6.5, wakati kofia ya Ariane 5 iliyoufunika mzigo ilikuwa na upana wa mita 5.4, hivyo chombo kizima kilikunjwa kama mwavuli. Dakika 27 hivi baada ya kuruka, darubini iliachana na roketi, na kamera iliyofungwa kwenye roketi ikatuonyesha paneli ya umeme wa jua ikifunguka huku darubini ikielea kuelekea gizani. Mawimbi yake ya kwanza yalipokewa na kituo cha Malindi, kile kile cha Waitaliano, ambacho siku hizi hakirushi chochote lakini masikio yake hayajazeeka. Siku chache baadaye NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kwamba roketi iliiweka darubini kwenye njia yake kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba marekebisho ya safari yalitumia fueli pungufu ya ile iliyotengwa. Chombo kilichoahidiwa miaka 5, na kutarajiwa kufikisha 10, sasa kina fueli ya kutosha miaka zaidi ya 20. Sijui huduma nyingine ambayo mteja huomba afikishiwe mzigo na badala yake akaongezewa umri wa mzigo wenyewe. Nayo ESA haikuuza safari hiyo kwa fedha taslimu. Iliitoa kama sehemu ya mchango wake katika mradi, na wanasayansi wa Ulaya wakapewa angalau asilimia 15 ya muda wa kuitumia darubini.

Usahihi huo ulinunuliwa kwa hasara, na mteja makini anapaswa kuijua. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 ya kwanza ilipotea njia sekunde 37 baada ya kuanza safari na kujilipua, ikiwa na setilaiti nne za utafiti za mradi wa Cluster. Injini zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika programu ya kompyuta inayoiambia roketi iko wapi na imeelekea wapi, ambayo ilichukuliwa kutoka Ariane 4 bila kujaribiwa dhidi ya mwendo wa roketi mpya. Ariane 5 ilikwenda upande kwa kasi zaidi, namba ya kasi hiyo ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengwa kuipokea, na kompyuta ikazima. Ya akiba nayo ilikuwa imeshazima kwa sababu ilibeba programu ileile yenye kosa lilelile. Kinachouma zaidi ni kwamba sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka chini. Ni kama mpishi aliyeunguza nyumba kwa sababu ya jiko alilosahau kulizima baada ya chakula kuiva.

Safari ya Januari 2018 nayo inastahili kutajwa. Roketi iliruka vizuri, ila ilikwenda upande usio wake kwa takriban nyuzi 20, kwa kuwa safari hiyo ilihitaji mwelekeo tofauti na uliozoeleka na namba iliyoingizwa kwenye mitambo ya uelekezi ilikuwa ile ya kawaida. Setilaiti mbili zilizokuwemo, ikiwamo Al Yah 3 ya Falme za Kiarabu iliyokusudiwa kuleta intaneti Afrika na Brazil, ziliachwa kwenye mzingo usio sahihi, zikalazimika kutumia akiba yao kufika zilikotakiwa. Zilifika. Mizani ya jumla hata hivyo inaielemea Kourou kwa wema: kabla ya kosa hilo Ariane 5 ilikuwa imefanikiwa mara 82 mfululizo, na ilipostaafu tarehe 5 Julai 2023 ilikuwa imeruka mara 117, ambapo mbili tu, ya 1996 na ya Desemba 2002, zilipotea kabisa.

Kwenye upatikanaji wa huduma ndipo ninapopunguza alama, na sipunguzi kidogo. Ariane 5 ilistaafu kabla ya mrithi wake kuwa tayari. Roketi za Kirusi za Soyuz, ambazo tangu mwaka 2011 zilikuwa na jukwaa lao upande wa Sinnamary, mji jirani, ziliondoka baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022. Kwa hiyo kwa mwaka mzima, mpaka Ariane 6 iliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Julai 2024, Ulaya haikuwa na roketi yake ya kubebea mizigo mikubwa. Darubini ya Euclid, mali ya ESA yenyewe, ilirushwa Florida kwa Falcon 9, roketi ya kampuni ya Kimarekani ya SpaceX, Julai 2023, na setilaiti za Galileo, za Ulaya za kuonyesha njia, zikafuata njia hiyo mwaka uliofuata. Mwenye mgahawa alionekana hadharani akinunua chakula kwa jirani, tena jirani anayemharibia biashara, kwa sababu Falcon 9 hurudisha chini sehemu yake ya kwanza na kuitumia tena, ilhali Ariane 6, iliyoamuliwa mwaka 2014, hutupwa yote.

Suala la bei lina mzizi mwingine ambao hauzungumzwi sana nje ya Ulaya. ESA hufuata kanuni kwamba kila nchi inayochangia lazima irudishiwe sehemu inayolingana na mchango wake kwa njia ya kandarasi. Ni kanuni ya haki, na bila hiyo sidhani kama nchi hizo zingekaa meza moja kwa nusu karne; roketi iliyotangulia ushirika huu, Europa, ilikuwa na sehemu moja iliyotengenezwa Uingereza, nyingine Ufaransa na nyingine Ujerumani, zilizopachikwa pamoja, na jaribio lake la Kourou mwaka 1971 liliishia baharini. Lakini haki hiyo ina gharama, kwani kazi huenda kwa mwenye zamu yake hata pale ambapo yupo aliye rahisi zaidi, na roketi hutengenezwa vipande vipande katika nchi nyingi kabla ya kuvushwa Atlantiki. Chombo kinachovusha vipande vya Ariane 6, meli iitwayo Canopée, kina matanga manne makubwa yanayosaidiana na injini. Nilifurahi nilipojua kwamba roketi ya kisasa kabisa ya Ulaya huanza safari yake kwa kusubiri upepo.

Kuna na wenyeji. Kituo kimetandaa kwenye takriban kilomita za mraba 700, na ili kukipisha, familia zilizoishi kati ya Kourou na Sinnamary zilihamishwa, wakiwemo watu wa kijiji cha Malmanoury. Machi 2017 wakazi wa Guyana waligoma wakidai hospitali, shule na usalama. Barabara ya kituo ikafungwa, na Ariane 5 iliyokuwa tayari ikasubiri hadi tarehe 4 Mei. Wengi waliotazama kutoka nje walilalamikia ratiba ya setilaiti. Mimi niliona kwamba mtu ambaye usiku huona bilioni zikipita juu ya paa lake na asubuhi hukosa daktari ana haki ya kuuliza, na tathmini ya huduma isiyomhesabu huyo haijakamilika.

Kwa hiyo, kama ningekuwa na setilaiti 30 zinazofanana, ambazo mojawapo ikipotea nyingine itaziba pengo, ningetafuta bei nafuu kwingineko bila kuona haya. Kama ningekuwa na kitu kimoja, kilichochukua miaka 20 kutengenezwa na kisichoweza kutengenezwa tena katika uhai wangu, ningekipeleka Kourou, na ningesubiri foleni.

Kwa anayetaka kwenda kutazama, visiwa vya Salut vilivyo mbele ya pwani, ambako Ufaransa iliwafunga wahalifu na mahasimu wake wa kisiasa, akiwemo Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyesingiziwa usaliti, huondolewa watu siku ya kurusha, hivyo asipange kulala huko. Na tarehe iliyotangazwa asiiamini. Webb ilipangiwa tarehe 18 Desemba, ikasogezwa hadi 22, kisha 24 kwa hitilafu ya mawasiliano, kisha 25 kwa sababu ya upepo. Anunue tiketi ya ndege inayoruhusu kubadilisha siku, hata kama ni ghali zaidi.