Uzoefu wangu wa kupima mafua ya kuku maabara kabla ya kununua dawa

Nafuga kuku wa mayai 400 huko Kibaha, mkoani Pwani, na kwa muda mrefu nilitibu mafua kwa kubahatisha. Kuku walikuwa wakikoroma usiku, mayai yakashuka kutoka trei 11 hadi 8 kwa siku, nami nikauziwa amoksisilini dukani mara mbili bila nafuu yoyote. Ndipo nilipoomba huduma ya maabara ya mifugo.

Mtaalamu alitoa damu kwenye mshipa wa bawa wa kuku 12, akiwachagua kutoka kila upande wa banda badala ya kuchukua wagonjwa peke yao, kwa kuwa alitaka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani. Tone la seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, lilichanganywa na kitendanishi (dawa ya kupimia) chenye rangi juu ya kibao cheupe, na kwa dakika mbili hivi chembe zilizogandamana, ambazo ni dalili ya kingamwili, zikaonekana kwa macho. Kuku 9 walikuwa na kingamwili dhidi ya Mycoplasma gallisepticum, bakteria wa mafua sugu, ingawa kundi langu halijawahi kuchanjwa dhidi yake. Kilichonishtua ni kwamba wanne kati ya hao 9 walikuwa wakila na kutaga kama kawaida.

Hapo nilielewa fedha yangu ilipotelea wapi: bakteria huyu hana ukuta wa seli, na amoksisilini hufanya kazi kwa kuushambulia ukuta huo. Daktari aliniandikia antibiotiki nyingine, tailosini, akanisisitizia niheshimu muda wa kutouza mayai ulioandikwa kwenye dawa. Pia alichuchumaa bandani hadi usawa wa kuku, akanionyesha jinsi harufu ya amonia ya maranda yaliyolowa ilivyokuwa kali pale chini, nami niliyezoea kusimama sikuwahi kuihisi hivyo. Nilibadilisha maranda siku ileile, na wiki ya pili mikoromo ilikuwa imepungua sana.

Lawama yangu ni moja: hakuna aliyenipigia simu majibu yalipokuwa tayari, nikapoteza siku tatu nikisubiri. Hata hivyo nitawarudia, kwa sababu waliniambia wazi kwamba kuku aliyepona hubaki na vimelea na kwamba ugonjwa hupita ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Kwa kundi lijalo, kabla sijalipia vifaranga, nitamwomba mtotoleshaji anionyeshe vipimo vya kuku wazazi.