Oblivion Remastered: sura mpya, mifupa ya 2006

Virtuos, watengenezaji wa magemu, wamelivika gemu la zamani la Oblivion picha za Unreal Engine 5 (injini, yaani programu ya kuendeshea magemu), ila injini ya 2006 ndiyo bado inayoendesha mambo kwa ndani, vituko vya walinzi vikiwemo. Kilichosifiwa zaidi ni kupanda daraja: unapewa pointi 12, unazigawa kwa sifa zisizozidi tatu, mwisho tano kila moja, sifa ya Bahati peke yake hula pointi nne kwa kila ongezeko la moja. Kupiga mahesabu kwa kalamu, kama kwenye toleo la zamani, kumekwisha.

Kero ni kukwamakwama porini, hata kwenye kompyuta kali, maana gemu hupakia maeneo mapya ukiwa mwendoni. Kushusha Lumen (mfumo wa mwanga wa Unreal) kunapunguza mzigo tu, hakuondoi kero. Na majambazi bado wanakua nawe kila upandapo daraja: wanakudai sarafu 100 huku wamevaa deraya za kioo, za thamani kubwa kuliko hizo sarafu! Tenga nafasi ya GB 125 kwenye diski.