Traka ya nyota kwa Dodoma: mota nzuri, darubini ya ncha haina kazi

Traka ninayoizungumzia ni ile ndogo ya kufunga juu ya stendi ya miguu mitatu, inayobeba kamera na lenzi visivyozidi kilo tatu. Kazi yake ni moja tu: kuizungusha kamera mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, iende sambamba na anga. Ukiwa na lenzi ya milimita 135 kwenye Canon EOS 600D, nyota inavuka zaidi ya pikseli mbili kila sekunde. Nebula hafifu, yaani wingu la gesi na vumbi angani, haipigwi hivyo.

Mota naipa alama za juu. Kwa milimita 135 shata inakaa wazi sekunde 60 hadi 90 na nyota zinabaki nukta. Kwa 200 shuka hadi 45, na tegemea kutupa picha kadhaa, kwa sababu meno ya gia ndogo hayalingani kikamilifu na mwendo huyumba. Zaidi ya hapo sipendekezi.

Lawama zangu ziko kwenye darubini ndogo ya kulengea ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Dodoma iko takriban nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini iko nyuzi hizo hizo juu ya upeo wa macho: nyuma ya kilima, nyuma ya mbuyu, au ndani ya vumbi la Agosti. Nyota ya kulengea, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4 (namba ikipanda, nyota hufifia). Hata juu angani ni ya kutafuta, sembuse huko chini. Kama darubini hiyo inauzwa kando, iache. Pesa hiyo nunulia kabari imara ya kuinamisha traka, na kabla ya kulipa hakikisha inashuka hadi nyuzi 6. Nyingine zimetengenezewa watu wa Ulaya na zinagoma mapema.

Ufungaji wake ni huu. Swichi weka S, yaani kusini. Sawazisha stendi kwa pima maji, mguu mmoja uelekee kaskazini na miwili igawane kusini, ili fimbo ya uzito wa kusawazisha kamera ipite katikati bila kugonga. Tafuta kusini halisi kwa dira ukiwa mbali na gari, maana chuma huivuta sindano, na usisahau kurekebisha tofauti ya kusini ya sumaku. Kisha lenga nyota iliyo karibu na utosi, kuza skrini mara 10, uitazame dakika tano. Ikiserereka kaskazini au kusini, geuza kabari kidogo kushoto au kulia. Mserereko ukizidi, rudi upande wa pili. Mserereko wa mashariki na magharibi achana nao, huo ni wa gia. Rudia kwa nyota ya mashariki iliyo nyuzi 20 hadi 30 juu ya upeo, safari hii ukirekebisha mwinamo. Mwenye kompyuta mpakato anaweza kutumia programu ya N.I.N.A. na nyongeza yake ya kupima ncha kwa picha tatu za sehemu yoyote ya anga.

Jambo jingine ambalo maelekezo ya kiwandani hayaligusi: huku kwetu mhimili wa traka unalala karibu mlalo, hivyo uzito wote wa kamera unaning'inia pembeni. Ulaya mhimili umesimama zaidi na mzigo unakaa juu yake. Hapa uzito wa kusawazisha ni lazima hata kwa lenzi ndogo, ila acha upande wa mashariki uzidi kidogo sana ili gia zisichezecheze.

Kwa nebula, Mkuku (NGC 3372) ipige Aprili na Mei mapema usiku; haipandi zaidi ya nyuzi 36 hivi kusini. Ndiyo maana napenda upande wa Mvumi, kusini-mashariki mwa Dodoma, mwanga wa jiji unabaki mgongoni. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, taa nyekundu porini huzua maswali. Juni hadi Agosti ni zamu ya nebula M8 na M20 katika kundi la nyota la Kausi, zinazoingia pamoja kwenye fremu moja ya 135. Jabari (M42) hupita karibu utosini kabisa, lakini ikifika mapema usiku mvua zimeshaanza. Iwahi Oktoba baada ya saa sita usiku. Kitovu chake huungua upesi, ongeza picha za sekunde 5 uziunganishe baadaye.

Anza na f/4, ISO 1600, picha 60 za sekunde 60 za RAW (faili ghafi za kamera), kisha 20 za giza ukiwa umefunika lenzi. Programu ya Siril inaziunganisha bure. Kamera isiyobadilishwa kichujio chake cha ndani hukata sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni wa nanomita 656, lakini hizi nilizotaja zinang'aa vya kutosha. Ning'iniza dumu la maji chini ya stendi kwa ajili ya upepo, liguse ardhi lisibembee.

Umeme: traka hula kidogo mno kiasi kwamba baadhi ya pawabenki hudhani hakuna kilichochomekwa na kujizima katikati ya kazi. Betri nne za AA hazina ujanja huo.