Uzoefu wangu na kampuni ya kutafutia wageni nyumba Stuttgart: walipofaa na walipopwaya

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningewapa nne bila kusita kama huduma yao ingeuzwa kwa jina linaloistahili, yaani huduma ya makaratasi. Wao wanaiuza kama huduma ya kutafutiwa nyumba, na hapo ndipo nilipowakata.

Jina la kampuni siliweki. Aliyelipa ni mwajiri wangu, na kampuni za namna hii zipo tele Ujerumani, vifurushi vyao vinafanana sana. Changu kilikuwa na nyumba ndogo ya muda yenye samani, mtu wa kunisindikiza kwenye ofisi na benki, kutafutiwa nyumba ya kudumu, kusomewa mkataba, na kusimamiwa siku ya kukabidhiwa funguo.

Naanza na nyumba ya muda, maana wengi huichukulia kama pa kulaza mabegi tu. Ujerumani ukihamia nyumba unatakiwa ujiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili. Sheria inayotumika sasa ilianza Novemba 2015, na inataka anayekupa makazi atie saini karatasi maalumu kuthibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Ukienda na mkataba wa kupanga peke yake, unarudishwa. Zoezi hili kila mtu, mgeni na mwenyeji, analiita Anmeldung, na mambo mengine yote yamefungwa kwenye mkia wake. Namba ya kodi ya mapato, yenye tarakimu 11, hutumwa kwa posta baada ya kujiandikisha. Ikichelewa sana, mwajiri anaishia kukukata kodi kwa daraja la sita, lenye makato makubwa kuliko madaraja yote. Utarudishiwa baadaye, ndiyo, lakini baadaye hailipi kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Sasa shida ni kwamba wapangishaji wengi wa nyumba za muda hawataki kabisa kusaini hiyo karatasi. Dada aliyeshika faili langu aliwauliza jambo hilo kwanza, kabla hata ya kuuliza bei. Nyumba niliyoipenda mimi kwenye picha, ya katikati ya mji, wenyewe walijibu kwamba hawasaini, akaifuta kwenye orodha bila kuniomba ruhusa. Nilinuna kidogo. Nyumba aliyoichagua yeye ilikuwa na zulia baya ajabu, lakini karatasi ilikuwa mezani nilipofika, imeshatiwa saini.

Kingine alichokifanya vizuri ni kubandika jina langu kwenye kisanduku cha barua siku ileile. Kwenye majengo ya huku milango ya nyumba kwa kawaida haina namba. Mleta barua anasoma majina. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, na hiyo namba ya kodi huletwa kwa barua.

Hadi hapo nyota tano. Tukaja kwenye kutafuta nyumba ya kudumu.

Nisiwazungushe: wanatafuta palepale unapotafuta wewe. Walinitumia viungo vya matangazo ya ImmoScout24, tovuti ya matangazo ya nyumba, ambayo nilikuwa nimeshayaona asubuhi nikipiga mswaki. Mengine yalikuwa yameshafungwa. Kampuni kama hii haina ghala la siri la nyumba, na Stuttgart, mji uliojibana bondeni huku umezungukwa na viwanda vinavyoajiri watu kutoka kila pembe, nyumba yenye kodi ya wastani hupata waombaji wengi mno. Siku ya kutazama mnapanga foleni kwenye ngazi, kila mtu na bahasha yake, mnatazamana kama mnaosubiri usaili.

Lakini bahasha yenyewe waliniandalia vizuri, na ninaamini ilinisaidia kuliko viungo vyao vyote. Wenye nyumba hutaka hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho. Mgeni hana, kwa hiyo waliweka mkataba wa kazi pamoja na barua ya mwajiri inayosema ajira haina mwisho na mshahara ni kiasi gani. Kisha kuna Schufa. Hii ni kampuni iliyoanzishwa Berlin mwaka 1927, siku hizi makao yake ni Wiesbaden, kazi yake ni kuweka kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa madeni na mikataba yao. Mgeni taarifa zake ni tupu. Tupu si mbaya, ila mwenye nyumba asiyezoea wageni akiona ukurasa mweupe anaingiwa na wasiwasi, kwa hiyo dada aliandika mistari miwili ya maelezo juu yake. Palipotakiwa barua ya mwenye nyumba wa zamani kuthibitisha kwamba sidaiwi, alinieleza kwamba tangu uamuzi wa mahakama kuu ya shirikisho ya mwaka 2009, mwenye nyumba wa huku halazimiki kuiandika. Tukaweka taarifa za benki zinazoonyesha kodi ikilipwa kila mwezi. Vyote kwenye faili moja la PDF, si viambatisho kumi na vitatu vyenye majina ya ajabu.

Alinionya pia juu ya matangazo ya nyumba nzuri kupita kiasi, ambapo mwenye nyumba yuko nchi nyingine na anaomba utume amana kwanza, eti funguo zitakuja kwa posta. Nilikuwa nalijua hilo, na nadhani wengi wenu mnalijua. Kilichonifaa zaidi ni pale dalali mmoja alipotaka ada yake kutoka kwangu. Tangu Juni 2015 sheria ni kwamba aliyemwagiza dalali ndiye anayemlipa, na huyo alikuwa ameagizwa na mwenye nyumba. Dada alimpigia simu, wakaongea kwa sauti ya upole mno, na habari ya ada ikaisha.

Kwenye kutazama nyumba, sasa, ningewashauri wenye kampuni wabaki ofisini. Nyumba moja tuliyokwenda pamoja alizungumza yeye mwanzo hadi mwisho, Kijerumani kizuri, ameniombea kila kitu. Mwenye nyumba hakuniuliza hata swali moja. Alikuwa anatafuta mtu wa kuishi juu ya dari lake, akaletewa mwakilishi. Nyumba niliyoipata, mtaa wa Feuerbach hapahapa Stuttgart, karibu na kituo cha treni, nilikwenda peke yangu na Kijerumani changu cha kuokoteza. Na haikutoka kwa kampuni. Ilitoka kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahama. Mpangaji wa huku kwa kawaida anatoa notisi ya miezi mitatu, kwa hiyo anayetaka kuondoka mapema anahangaika kumpata wa kumrithi ili mwenye nyumba akubali kumwachia. Waambieni watu kazini kwamba mnatafuta, wote, hadi wa idara msizozijua.

Nyumba ikapatikana, mkataba ukaja, na hapo kampuni ikaanza kuonyesha thamani yake tena. Kurasa nyingi, Kijerumani cha kisheria. Kodi tupu wanaiita Kaltmiete. Ukiongeza malipo ya mwezi ya joto, maji, taka na usafi wa jengo unapata Warmmiete. Umeme na intaneti kwa kawaida ni juu yako, nje ya hesabu hiyo. Yale malipo ya joto na maji ni makadirio, mara moja kwa mwaka yanapigiwa hesabu, unarudishiwa au unaongeza.

Vipengele viwili dada alivizungushia kalamu. Cha kwanza, amana. Mkataba ulitaka kodi ya miezi mitatu yote kabla ya funguo. Miezi mitatu ya Kaltmiete ndiyo kikomo cha kisheria, hapo walikuwa sawa, ila kifungu cha 551 cha sheria yao ya kiraia kinampa mpangaji haki ya kulipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza mkataba unapoanza. Ukiwa umetoka kununua tiketi, makoti na kitanda, tofauti hiyo ni kubwa. Cha pili kilikuwa kizito zaidi: pande zote mbili zisingeweza kutoa notisi kwa miaka miwili. Vipengele vya namna hii vinaruhusiwa, na mtu huvisaini bila kujua. Mtu ambaye kazi yake bado iko kwenye kipindi cha majaribio hana sababu ya kujifunga hivyo. Alipiga simu, kikashuka hadi mwaka mmoja. Simu moja tu. Mimi mwenyewe nisingeweza kuipiga, na kwa hili peke yake mwajiri hakupoteza pesa zake.

Jiko sasa. Nyumba ya vyumba viwili huku ina maana vyumba viwili mbali na jiko na bafu, hilo ni zuri. Lisilo zuri ni kwamba jiko linaweza kuwa chumba kitupu, mabomba yametoka ukutani na nyaya zimening'inia. Makabati, sinki na jiko la umeme vyangu vilikuwa mali ya mpangaji anayeondoka, na alitaka kuniuzia. Nikaiuliza kampuni bei ya haki ni ipi. Jibu: haimo kwenye kifurushi. Taa nazo hazikuwemo, kwenye nyumba wala kwenye kifurushi.

Siku ya funguo alikuja na tochi. Alifungua kila dirisha, akashusha na kupandisha vifuniko vyake, akavuta maji chooni, akaandika mikwaruzo ya sakafu chumba kwa chumba, namba za mita za umeme na za joto, idadi ya funguo pamoja na ya kisanduku cha barua. Mwenye nyumba akasaini. Karatasi hiyo naithamini kuliko mkataba, kwa sababu siku nikiondoka ndiyo itakayoamua mikwaruzo ni ya nani.

Halafu wakanyamaza. Faili limefungwa. Hakuna aliyeniambia kwamba usipochagua kampuni ya umeme unaingizwa moja kwa moja kwa msambazaji wa msingi wa eneo lako, mara nyingi kwa bei ya juu. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya Anmeldung itakuja barua ya mchango wa redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Nilidhani ni matapeli. Na jirani alipotundika kibao kwenye kitasa changu, nilikitazama muda mrefu kabla ya kuuliza: ni zamu ya kusafisha ngazi, Kehrwoche, ambayo Wajerumani wa eneo hili la Swabia hawaifanyii mzaha.

Kama mwajiri analipa, chukua kifurushi kizima, usijivunge. Kama unalipa mwenyewe, waambie wakuuzie Anmeldung, usomaji wa mkataba na siku ya funguo tu, utafutaji ubaki wako. Wakikataa kukigawa, kuna vyama vya wapangaji katika miji mingi. Unalipa uanachama wa mwaka, wanakupa ushauri wa kisheria.

Nyongeza: hesabu ya mwaka ya joto na maji imefika, wananidai. Nimeipeleka kwa chama cha wapangaji, ninasubiri majibu yao. Kampuni niliwaandikia pia, wakanitumia orodha mpya ya bei.