Denbigh kwa miguu, na sauti masikioni: je, mwongozo huu unalipa?

Mnauona mkono huu? Ngoja nisogeze kamera. Ni wa shaba, umenyooshwa mbele kama mtu anayesubiri umpe wako. Nimeugusa, ni wa baridi kama chuma cha friji. Sasa napandisha kamera usoni. Kofia, masharubu... haya, mmeshamjua. Ni sanamu ya Stanley. Yule yule mliyekariri shuleni, wa Ujiji na Livingstone. Kazaliwa hapa hapa Denbigh mwaka 1841, kwenye kibanda karibu na ngome, na jina alilopewa lilikuwa John Rowlands.

Hamjambo jamani. Leo sichambui simu wala blenda. Nachambua mwongozo wa sauti, zile programu unazopakua, unavaa hedifoni, unatembea mjini na mtu anakusimulia sikioni kila unapofika. Nimelipa pauni sita kwa hela yangu, hakuna aliyenidhamini. Jina la programu sitalitaja, kwa sababu zipo nyingi za aina hii na kasoro nyingi ni za wote. Ninachotaka ni ujue cha kuangalia kabla hujatoa hela.

Denbigh iko kaskazini mwa Wales, bonde la mto Clwyd. Treni ya abiria haifiki hapa tangu 1962. Unashuka Rhyl, pwani, unapanda basi. Na tafadhali usimwambie mtu wa hapa kwamba yeye ni Mwingereza; Wales siyo England. Mimi nilisema "hapa England" kituoni, mzee mmoja akanitazama kama nimemtukania mama.

Tuanze na mazuri, maana yapo. Mji huu ni mji wa gulio, na mwongozo unakueleza hilo huku miguu yako ikiliona. Kuanzia barabara kuu yenye maduka unapanda kilima, na ni kilima kweli, mapaja yanawaka. Katikati ya mpando msimulizi anakuuliza: unahisi hicho kilima? Basi na watu wa zamani walikihisi. Mji wa kwanza ulijengwa kule juu, ndani ya ukuta, baada ya Mfalme Edward wa Kwanza wa England kuiteka Wales. Mwaka 1282 akampa eneo hili mmoja wa makabaila wake, Henry de Lacy, naye akaanza kujenga ngome palipokuwa na makao ya mtawala wa Kiwelisi, Dafydd ap Gruffudd. Lakini juu kule ni kwembamba, na maji ni ya shida. Nani apandishe magunia na mbuzi hadi kileleni kila siku ya soko? Biashara ikashuka chini taratibu, watu wakaifuata, na ukuta ukabaki unalinda majani. Nilisimama pale nikihema, nikasema hapa pauni mbili za kwanza zimerudi.

Ndani ya ngome pia wamefanya kazi. Mwaka 1294 Wawelisi waliasi wakaiteka ikiwa bado inajengwa. Ilipochukuliwa tena, wajenzi wakaongeza unene. Sauti inakupeleka sehemu mbili, inakuambia weka kiganja hapa, kisha kule, ulinganishe ukuta wa kabla ya hofu na ukuta wa baada ya hofu. Maneno mazuri sana. Kuna na kisima, ambamo wanasimulia kwamba mtoto wa de Lacy alitumbukia akafa maji. Pale wameweka mlio wa tone la maji, tiii, kisha kimya. Nilirudi nyuma hatua moja bila kupenda.

Haya, kasoro. Ya kwanza, GPS. Nimesimama mbele ya Burgess Gate, lango la mji lenye mawe ya rangi mbili yaliyopangwa kama ubao wa drafti, simu ikadhani niko kanisani. Ikaanza kunihadithia Robert Dudley, kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyeanza kujenga kanisa kubwa hapa mwaka 1578 na hakulimaliza. Hadithi tamu, lakini ninachokitazama ni lango! Ikikutokea hivyo, zima ile ya kujiendesha, bonyeza kituo mwenyewe kwenye ramani. Na pakua kila kitu ukiwa kwenye waifai, kwa sababu kwenye vichochoro vya kupandia ngomeni mtandao wangu haukusoma kabisa. Betri ilishuka kutoka mia hadi thelathini na kitu kwa saa mbili na nusu. Beba pawabenki.

Ya pili, matamshi, na hapa acha nijisifu kidogo. Msimulizi anausema mji kwa Kiwelisi, Dinbych, "Dinbik". Siyo! Ile ch ni kh yetu ya sabalkheri. Dafydd ni "Davidh", yaani f inasomwa v, na dd ni dh ya dhahabu. Halafu mkazo kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Mswahili akifundishwa dakika tano anamshinda huyu aliyelipwa. Tatizo ni ll tu: weka ulimi kama unataka kusema l, halafu puliza pembeni. Nilimjaribia mzee mwenye mbwa pale juu, akacheka, akaniambia nimekaribia.

Sasa nirudi kwenye huu mkono, maana hapa ndipo nilipokasirika.

Kituo cha Stanley kina dakika moja na nusu hivi. Wanasema vizuri kwamba alikuwa mtoto asiye na wa kumlea, na mwaka 1847 akiwa na miaka sita alipelekwa St Asaph kwenye makao ya maskini, yale ambayo ukilala na kula lazima ufanyishwe kazi. Nilimhurumia, sifichi. Kisha sauti inaruka: akaenda Marekani, akawa mwandishi wa habari, "akampata Livingstone". Kwisha. Kituo kinachofuata.

Jamani! Hamna Unguja, alikoajiri watu mwaka 1871. Hamna Bagamoyo, alikofungia mizigo. Kwani alimpata peke yake? Mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akaishia India, akarudi huru, na kabla ya Stanley alikuwa ameshasafiri na wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, hadi ziwa Tanganyika. Stanley ndiye aliyekuwa mgeni njiani! Kwenye safari ya 1874 hadi 1877, Wazungu watatu alioondoka nao walikufa wote. Waliofika naye mji wa Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, ni Waswahili, wale waliojiita waungwana, na Wanyamwezi. Na kipande cha njia baada ya Nyangwe, mji wa soko mashariki mwa Kongo, alisindikizwa na Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Unguja, na watu wake.

Watazamaji wangu wa Goma na Lubumbashi nao watauliza: na Leopold je? Mnajua aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na mnajua aliyemfungulia njia huyo mfalme wa Ubelgiji ni nani. Mwongozo unasema tu kwamba "kuna maoni tofauti". Tofauti kiasi gani? Sanamu hii iliwekwa 2011, na mwaka 2021 wakazi walipigishwa kura iondoke au ibaki. Waliotaka ibaki walishinda kwa mbali. Hilo lingekuwa simulizi la kuvutia peke yake: mji mdogo unakaa kujadili mtoto wake. Wamelipita kama basi lililojaa.

Kwa hiyo naipa saba kwa kumi. Kwa ngome, ukuta na kile kilima, nunua, utafurahi, na watoto watapenda kile kisima. Ukifika hapa uwanjani vua hedifoni, simama mwenyewe. Kiswahili hakuna kwenye orodha ya lugha, nimewaandikia kuomba. Nimewapa na jina la Bombay, nikaliandika herufi kwa herufi. Wakijibu nitawasomea hapa hapa.

Mkono sikumpa. Nilisimama mbele yake muda, nikapiga picha, nikaenda zangu kununua chai. Ee, basi la Rhyl lile linakata kona, na sitaki kulisubiri jingine kwa baridi hii. Ngoja nikimbie!